Filamu Isiyochekesha ya Oom Henk

Watu hupenda kusema mwaka unaomfunza mtu humjia angali kijana. Labda kwao. Wangu ulinijia nikiwa na miaka hamsini na nane, miguu imeanza kuvimba, nina cherehani tatu na duka langu mwenyewe hapa Rosettenville, Johannesburg, na nimekwisha jiaminisha kwamba hakuna mtu wala kitu kitakachonifunza jambo jipya. Mwaka wenyewe ni 2015. Nauandika sasa kwa sababu wiki mbili zilizopita tulimzika Oom Henk, na kwenye chai ya baada ya mazishi nikakutana na Maman Albertine, msusi wa Lubumbashi aliyekuwa jirani yangu wa mlango kwa mlango kabla hajahamishia saluni yake Soweto. Akanitazama juu mpaka chini. "Fundi, umezeeka." Nikamwambia, "Na wewe umenenepa." Tukakumbatiana. Halafu akasema, "Iandike ile mambo, Fundi. Weye unakumbuka kila kitu. Mi nitaongeza chumvi." Ni kweli, angeongeza. Mimi siongezi.

Shule niliiacha darasa la tatu. Sijivunii, wala sioni haya. Koti nilijifunza nikiwa nyuma ya mgongo wa fundi wa Kigoa mjini Tanga, nikifagia vipande vya kitambaa na kuiba kazi kwa macho, enzi ambazo mwanamke alishona magauni na foronya, koti likawa la wanaume. Leo wanaume wanaoa wakiwa ndani ya koti zangu. Hayo yatosha, nilikotoka si habari ya leo.

Oom Henk alikuja asubuhi moja ya baridi, mwezi wa sita. Nilimfahamu kwa sura tu, Mholanzi mzee, mrefu kama nguzo, aliyekaa mitaa miwili kutoka dukani na kwenda kununua mikate kwa Mreno kila siku saa ile ile. Mtaa mzima, weusi kwa weupe, ulimwita Oom, yaani mjomba. Hakuleta nguo. Alileta postikadi ya rangi ya kahawia, imefungwa ndani ya plastiki kama kitambulisho, na juu yake mtu mwenye mdomo mpana amevaa koti la vifungo vitatu.

"Mama, unaweza kunishonea koti hili?"

"Naweza. Mwenyewe yuko wapi nimpime?"

"Amekufa. Zamani sana."

"Sasa koti analitakia nini?"

Albertine alikuwa amesimama mlangoni na kitana mkononi; akacheka mpaka akashika kizingiti. Oom Henk hakukasirika. Alieleza polepole, kwa Kiingereza kigumu kama changu, kwamba mtu yule ni mchekeshaji wa filamu moja iliyotengenezwa kwao Uholanzi kabla ya vita, enzi ambazo picha zilikuwa bado bubu. Waliotengeneza walifilisika. Nakala zote zilipotea, isipokuwa moja, ndogo, ambayo mhamiaji mmoja aliipakia melini akaja nayo Johannesburg ili Waholanzi wenzake wa huku wapate cha kutazama Jumapili. Wale wahamiaji walizeeka, klabu yao ikafungwa, na filamu ikabaki kwa Oom Henk. Kwa kadiri alivyojua, dunia nzima hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Mwezi wa tisa angekuja mgeni kutoka kwao kuitazama, na siku hiyo alitaka koti la kwenye filamu litundikwe karibu na kitambaa cha kuonyeshea. Postikadi inaonyesha mbele tu. Mgongo, mikono, mkato wa kwapa, itabidi nivione kwenye filamu yenyewe.

Nikaenda, na Albertine nikamchukua, kwa sababu mimi ni mwanamke wa Kiislamu na siendi nyumbani kwa mwanamume peke yangu hata awe na miaka mia. "Fundi na muzungu wake," aliniimbia njia nzima, mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, ambapo nilimwambia akiendelea nitamsukuma gari limgonge.

Sebule ya Oom Henk ilikuwa baridi kuliko nje. Jirani zake walikuwa wamewasha hita. Yeye alikuwa amezima kila kitu, akavaa kofia ya sufu ndani ya nyumba, kwa sababu filamu, alisema, inataka baridi kama nyama. Palikuwa na viti vitatu vya jikoni, na kimoja kizuri cha mito ambacho hakukikalia wala hakutukaribisha tukikalie. Ukutani nusu ya bango la sinema, iliyochanika katikati. Kwenye fremu, tiketi moja iliyotobolewa. Na kwenye rafu aliyoichonga mwenyewe, mikebe sita ya bati, kila mmoja mpana kama sahani. Harufu yake ilitupokea mlangoni. Siki. "Muzee anapika achali?" Albertine akaninong'oneza. Oom Henk akaona tunavyobana pua, akatueleza kwamba ndivyo filamu inavyokufa: kwanza inanuka siki, halafu inasinyaa, halafu inakatika kama papadi. Kila akiizungusha kwenye mashine anaiongezea jeraha. Kila asipoizungusha, siki inaendelea na kazi yake.

Nikamuuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza. "Inachekesha?"

Aligeukia rafu. "Ni kazi ya fundi mkubwa."

"Hilo sikuuliza."

"Inachekesha kidogo," akasema. Halafu akatoa barua ya yule mgeni, mkusanyaji wa filamu kama yeye, mwenye marafiki wanaomiliki mashine za kunakili na kutibu filamu mbovu. Mgeni aliwahi kuiona mara moja, miaka mingi nyuma. Aliandika kwamba ni kichekesho kisicho na kicheko, kwamba atakuja kuitazama tena kwa heshima ya urafiki, na kama ataiona vile vile, basi siki na ile filamu wamalizane. Oom Henk alinisomea barua ile kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu ya mwanawe.

Sasa niseme filamu ina nini, maana nyinyi hamtaiona leo. Fundi cherehani maskini, kwenye mji mdogo wenye mifereji, ana kitambaa cha koti moja tu, naye amewaahidi watu wawili: meya, na muuza jibini mwenye mikono mirefu. Wawili hao hawapatani, na kila mmoja anataka koti kwa siku ya kufunguliwa daraja. Kila mmoja anapokuja kupimwa, koti lile lile ni lake. Fundi anatoka mlango wa mbele, anazunguka mfereji, anaingia wa nyuma. Mkebe wa kwanza na wa pili ulinifurahisha mno. Yule mchekeshaji hakukunja uso ili tucheke. Alishona. Alishika sindano kama anayeijua, alilamba uzi, alitoa pini mdomoni bila kutazama. Nikamwambia Albertine, huyu mtu amewahi kukaa kwenye cherehani, nakuapia. Halafu ukaja mkebe wa darajani: meya amevaa koti, watu wamejaa, bendi inapiga bila sauti, meya anainua mkono kuwasalimu, na mkono wa koti unachomoka wote begani na kuangukia majini. Hatukucheka. Tulishtuka tu, kama mtu aliyeona jirani akiteleza. Ukafuata mkebe wa dukani: fundi yuko na meya, anashona ule mkono, anamwonya kwa ishara asiinue. Halafu wa tano na wa sita, mji mzima uko kwenye mashua ukimfukuza fundi.

"Juu ya nini banamufukuza?" Albertine aliuliza. "Si amesha kutengeneza?"

Nikamtafsiria Oom Henk. Akapandisha mabega. "Ndivyo vichekesho vya zamani, Mama. Havina sababu."

Tukala baada ya hapo. Alituwekea supu ya njegere, nzito kiasi cha kijiko kusimama. Nikauliza kama ina nguruwe. Akasema kidogo tu. Nikamwambia kidogo ndiyo hiyo hiyo. Hakubishana, tangu siku hiyo alipika sufuria mbili, na juu ya kifuniko cha yangu akabandika karatasi. Mimi nilikuja na ugali, ambao Albertine aliuita bukari na Oom Henk akauita pap, na wakagombania jina lake wakati mimi nakula. Nilimtazama yule mzee akizungumza juu ya ile tiketi moja iliyotobolewa, jinsi alivyoandikiana barua miaka minne na mjane wa mtu fulani ili aipate, na nikaona jambo ambalo sikuwahi kulifikiri. Mimi nilijenga maisha yangu kwa kuuza kile ambacho watu wanakitaka. Yeye alikuwa ametoa yake kulinda kitu ambacho hakuna anayekitaka, kwa sababu tu asipokilinda yeye hakuna mwingine. Wengine wangemwita mwehu. Mimi nilimwona mwanamume.

Kwa sababu ya koti tuliitazama mara tatu. Mashine haisimamishwi, taa yake ingechoma filamu, kwa hiyo nilisimama ukutani na futikamba, nikipima kivuli kinachokimbia: kichwa kwanza, kisha bega kwa kichwa, kisha mkono kwa bega. Mgao wa umeme wa mwaka ule ulitukatia mara mbili, tukasubiri gizani na makoti yetu mapajani. Ilikuwa mara ya tatu, nikihesabu vifungo vya mkebe wa dukani, nilipokosa cha kuhesabu. Kifua cha koti kilikuwa kizima. Hapakuwa na tundu hata moja la kifungo, na darajani nilikuwa nimevihesabu vyote vitatu. Meya alikuwa amelishikiza kwa pini. Na juu ya kifua, begani, kuzunguka kwapa lote, palikuwa na uzi mweupe wa hatua ndefu. Bandi. Uzi wa kushikizia, ule unaoupiga kabla ya kushona na kuufumua baadaye. Nikageuka pale pale mbele ya taa, kivuli changu kikamfunika meya.

"Oom, mikebe umeipanga vibaya."

"Toka kwenye taa."

"Huu wa dukani unatangulia. Wa darajani unafuata."

Alizima mashine. Alikuwa mzee mpole, lakini siku hiyo niliona shingo yake ikiiva. Lebo za mikebe, akasema, zilidondoka kabla haijamfikia. Yeye ndiye aliyeipanga, kwa kuitazama, miaka arobaini sasa. Mkono unachomoka, mkono unarudishwa. Mtoto mdogo anaelewa. "Wewe umeitazama mara tatu," akasema. "Tatu, Mama!"

"Wewe umetazama nyuso. Mimi nimetazama koti."

"Nenda nyumbani ukashone."

Nikaenda nyumbani nikashona. Albertine alitaka nikamwombe radhi, mzee wa watu ana moyo mbovu. Sikwenda. Sijawahi kuomba radhi kwa kusema kweli, na umri ule sikuwa naanza. Lakini nilikosa usingizi kidogo, kwa sababu siku zilikuwa zinakwenda na mgeni anakuja, na nilijua ataonyeshwa filamu iliyopinduka, atafunga daftari, na ile mikebe itabaki pale rafuni mpaka iwe vumbi la siki.

Alikuja mwenyewe, wiki ya tatu, na kofia yake ya sufu. Hakusalimu. Juu ya meza nilikuwa na koti lake, nusu ya kazi: upande mmoja nimekwisha kata matundu na kuyashona kingo, upande wa kushoto mkono umeshikwa na bandi tupu. Nikachukua kidole chake kirefu nikakipitisha ndani ya tundu. "Liondoe hili," nikamwambia.

"Tundu?"

"Ndiyo. Ulilikata jana, leo hulitaki. Lirudishe liwe kitambaa."

Alikaa akilitazama. Mtu mzima, akili zake timamu, kidole ndani ya tundu. Nikamweleza basi jambo ambalo hakuna fundi atakayekueleza bure. Mkesha wa sikukuu kazi inapokuzidi, unamalizia vifungo kwa sababu vinaonekana, na mikono ya koti unaiacha kwa bandi kwa sababu haionekani. Unapiga pasi, unamvalisha mteja, unamwambia asinyanyue mikono leo, kesho alete umalizie. Nimeifanya mwenyewe Tanga, mkesha wa Idi, na mteja alipokwenda kuswali na kuinua mikono ya takbira nilijificha nyumbani siku tatu. Yule mchekeshaji hakuwa anatengeneza koti lililoharibika. Alikuwa anafanya dhambi ya mafundi, mbele ya macho yetu, na akimwomba meya amstahi. Ndiyo maana wanamfukuza.

Oom Henk aliketi kwenye benchi la wateja. Nilidhani ni moyo, nikamwita Albertine alete maji. Lakini alisema jina tu, "Truus." Alikuwa mkewe. Mwenye kile kiti cha mito. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwake yeye Henk, alimkalisha pale na kumwonyesha filamu, na kila mwaka Truus alisema haichekeshi, na yeye akamjibu kwamba ana moyo mkavu, hajui kuchekeshwa. Walinuniana kwa ajili ya ile filamu kuliko kwa jambo lolote jingine. Truus alikuwa amekufa miaka mitano nyuma. Albertine alimshikia kikombe anywe.

Waholanzi wenzake waliobaki hai walikuwa wawili, na mmoja haoni. Nikasema tuonyeshe dukani kwangu, wateja wangu wana meno na wanajua kuyatumia. Jumamosi saa tisa mchana, baada ya kuhakikisha zamu ya umeme, nilifunika madirisha kwa bitana nyeusi na kutundika shuka nililolipiga pasi mara mbili. Koti likasimama pembeni, limekamilika, mkono umeshonwa wa kudumu. Wakaja wateja wa Albertine vichwa vimesukwa nusu, akaja Mreno wa mikate, wakaja wauza mitumba wawili wa Kitanga. Mgeni alikaa mbele na daftari, mtu mkavu, koti lake hakulivua. Oom Henk alisimama kwenye mashine. Aliweka mkebe wa dukani mahali pa tatu.

Walicheka wa kwanza, walicheka wa pili. Mkebe wa dukani wakacheka kidogo, ila wakawa wameiva: wameona uzi mweupe, wameona fundi akimsihi meya asiinue mkono. Halafu daraja. Bendi, watu, kofia zinapungwa. Meya amesimama na mikono imebanwa ubavuni kama pengwini. Mtoto anampa ua, analipokea kwa vidole viwili. Na yule fundi, nyuma kabisa ya umati, anafumba macho. Mambo hayo yote yalikuwepo siku zote, hatukuwa tumeyaona. Mkono wa meya ukaanza kupanda, polepole, inchi kwa inchi, na duka zima likaanza kupiga kelele. "Papa, hapana!" Albertine alisimama. "Shusha! Shusha, batakuona!" Mreno alikuwa akigonga meza yangu ya kukatia. Mkono ulipokuwa bado haujafika begani watu walikuwa wanafuta machozi, na ulipochomoka hakuna aliyemsikia mwenzake kwa vicheko. Nikamtazama mgeni. Daftari lilikuwa chini. Alikuwa ameinama, mabega yanaruka, mtu aliyekuja na hukumu mfukoni. Oom Henk hakuitazama filamu hata kidogo. Alitutazama sisi.

"Kwa nini hukuniambia?" mgeni alimuuliza taa zilipowashwa.

"Sikujua. Muulize fundi."

Akanigeukia, na mimi nikamwambia kwa Kiswahili, maana Kiingereza changu kilikuwa kimenikimbia kwa furaha: "Bandi, bwana. Bandi tu." Siku ya pili aliichukua mikebe yote sita kwenye mkoba wake wa mkononi, akakataa kuiweka kwenye mizigo. Baada ya mwaka tukaletewa habari kwamba imenakiliwa na kutibiwa, na kwamba watu waliilipia kuiona na wakacheka. Sikushangaa.

Lakini ninachotaka kukiacha kwenye karatasi hii ni Jumapili ya wiki iliyofuata. Oom Henk alinipigia simu asubuhi, sauti yake ndogo. Rafu tupu, nyumba imemwelemea.

"Mama, unadhani Truus angecheka?"

Ningeweza kumwambia ndiyo. Albertine angemwambia ndiyo mara kumi. "Sijui, Oom," nikasema. "Sikumjua. Mimi nimecheka, na mimi sichekeshwi ovyo."

"Nilimwita moyo mkavu."

"Basi nenda kamwambie."

Tulimpeleka, mimi na Albertine, kwa teksi. Kaburi lilikuwa na jiwe dogo, na nyasi za majira yale zilikuwa za manjano. Tulikaa mbali kidogo, kwa adabu. Alivua kofia, akaanza kusema kwa Kiholanzi, na nilipoona anatembea huku na huku na kuzunguka kaburi, anatoka mbele, anaingia nyuma, nikaelewa kwamba hasali. Alikuwa anamsimulia filamu, kuanzia mwanzo. Alishona hewani. Alitoa pini mdomoni. Alimsihi meya. Kiholanzi sikijui hata neno moja, lakini aliposimama wima, akabana mikono ubavuni, halafu ule wa kulia ukaanza kupanda polepole, nilijua yuko wapi, na mimi na Albertine tulikuwa tumeshaanza kucheka, kwa sauti, makaburini, kabla mkono wake haujafika begani.